Kifafa: Leza ina Mahali Pake, na Kidonge Kina Pake

Hotuba kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Mandewa, Singida



Nimeombwa nieleze habari za upasuaji wa kifafa utumiao mwanga wa leza, kwa kuwa baadhi yenu mmeuliza kama yafaa kuuza ng'ombe au shamba ili kumpeleka mgonjwa ng'ambo. Swali hilo ni zito, nami nitalijibu kwa hesabu.

Katika upasuaji wa kawaida fuvu hufunguliwa, na sehemu ya ubongo ianzishayo kifafa huondolewa. Katika njia ya leza daktari hutoboa tundu dogo la milimita chache, hupitisha uzi mwembamba hadi penye kasoro, kisha joto huunguza sehemu hiyo tu, huku mashine ya picha ikipima joto hilo. Wengi hurudi nyumbani baada ya siku moja au mbili. Kifafa kilianza kutibiwa hivyo nchini Marekani mwaka 2010.

Matokeo yake ni yapi? Mwaka 2018 madaktari wa Chuo Kikuu cha Emory, mjini Atlanta, walitoa taarifa ya wagonjwa 58 ambao kifafa chao kilianzia sehemu ya ubongo iliyo jirani na masikio. Baada ya mwaka mmoja au zaidi, 31 kati yao, yaani takriban 53 kwa mia, walikuwa wameepukana na mishtuko ya kuwalemaza. Hayo ni mafanikio makubwa kwa watu walioshindikana kwa dawa. Hata hivyo, karibu nusu hawakupona kabisa, na wengi wa waliofanyiwa upasuaji huendelea kumeza vidonge.

Ndugu Wanachama, upasuaji huo hufikiriwa tu pale dawa mbili zilizochaguliwa na kutumiwa ipasavyo zinaposhindwa. Shirika la Afya Duniani laeleza kwamba hadi wagonjwa 70 katika kila 100 wangeweza kuishi bila mishtuko iwapo wangepata matibabu sahihi. Fenobabitoni ni dawa ya zamani na ya bei nafuu. Huko Mahenge, Dakta Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kwa dawa hiyo watu waliokuwa wametengwa walirudi kulima na kuishi na jamaa zao.

Basi jibu langu ni hili: asiuze mtu shamba kabla mgonjwa hajapimwa na daktari na kutumia dawa kila siku bila kukatiza. Kuacha vidonge ghafla kwaweza kuleta mishtuko mfululizo na hata kifo.

Tena tuzuie chanzo. Uchunguzi uliofanywa katika Hospitali ya Haydom, wilayani Mbulu, umeonyesha kwamba baadhi ya wagonjwa wana viluwiluwi vya tegu wa nguruwe ubongoni. Kwa hiyo tuchimbe vyoo na kuvitumia, tufungie nguruwe, tunawe mikono, na nyama ya nguruwe tuipike ikaiva.

Mtu akianguka, mwondoleeni vitu vya hatari, mlazeni ubavu, wala msimtie kijiko mdomoni. Povu lake haliambukizi, msiogope kumshika. Mshtuko ukizidi dakika tano, mpelekeni hospitali upesi.

Nawaomba makatibu mambo mawili. Kwanza, mwanachama mwenye kifafa asinyimwe kazi, bali apangiwe kazi iliyo mbali na moto, kisima na mashine ya kukamua alizeti. Pili, msimu wa mavuno usimfanye akose siku yake ya kliniki. Chama kimpe ruhusa, na jirani amsaidie kupeleka magunia yake ghalani.

Leza ni silaha ya wachache walioshindikana kwa dawa. Kidonge cha kila siku na jirani asiyeogopa ni haki ya wote, na hivyo twaweza kuvitoa hapa hapa Mandewa.