Boksi la Breka Linapopigwa na Jua la Jangwani

Leo tunazungumzia Phoenix, Arizona, huko Marekani, ambako mwaka 2023 joto lilifika nyuzi 43 za Selsiasi au zaidi kwa siku 31 mfululizo. Boksi la breka za umeme huko mara nyingi hufungwa kwenye ukuta wa nje, na likielekea magharibi, jua la alasiri hulipiga lote.

Breka nyingi za nyumbani hupimwa kwa nyuzi 40. Joto ndani ya boksi likipita hapo, breka huanza kukata mapema. Hiyo ni kero tu. Hatari ni breka isiyokata kabisa. Maboksi ya Federal Pacific yenye breka za Stab-Lok, yaliyofungwa kwa wingi tangu miaka ya 1950 hadi ya 1980, yanajulikana kwa kasoro hiyo: waya umezidiwa, breka imetulia, moto unaanza.

Ukiona plastiki imebadilika rangi, ukisikia harufu ya kuungua au mlio wa kutatarika ndani ya boksi, mwite fundi mwenye leseni. Tafadhali usifungue kifuniko mwenyewe. Hata ukizima swichi kuu, nyaya zinazoingia kutoka nje bado zina umeme. Kampuni ya umeme ndiyo huukata, na jiji hutaka kibali cha kubadilisha boksi.

Kazi hiyo ya kubadilisha huweza kuchukua siku nzima bila kiyoyozi. Ipangeni miezi ya baridi, kabla ya Mei. Nanyi mliopanga nyumba, mwandikieni mwenye nyumba leo, mbaki na nakala.