Kazi za Chakula na Lishe
(Hotuba kwa Wazee, Walimu na Vijana)



Nimeombwa niseme nanyi habari za kazi za chakula na lishe ambazo kijana aliyemaliza shule aweza kujifunza. Nitaanza kwa kisa nilichokiona mwenyewe.

Kijana mmoja alifaulu vizuri katika Kemia na Biolojia, akamwambia baba yake kuwa ataka kusomea lishe. Mzee akamjibu, "Sikuuza ng'ombe wangu ili ukajifunze kupika uji." Kijana akanyamaza, na nafasi ya mwaka ule ikapita. Nayo katika nyumba ile ile alikuwamo mjukuu wa mzee, mtoto wa miaka miwili, amevimba miguu na uso, na nywele zake zimekuwa nyekundu na nyepesi. Ghala ya mzee ilikuwa imejaa mahindi.

Ndugu zangu, ugonjwa ule ni kwashakoo. Wengi wadhani kuwa mambo ya chakula hayana elimu ndani yake, lakini sivyo. Mwaka 1933 daktari mwanamke aliyezaliwa Jamaica, jina lake Cicely Williams, aliandika habari za ugonjwa huu, naye alikuwa akifanya kazi Gold Coast, nchi iitwayo sasa Ghana. Jina la ugonjwa alilipata katika lugha ya watu wa Ga, na maana yake ni ugonjwa umpatao mtoto wakati mdogo wake azaliwapo. Alitambua kwamba mtoto aliyeachishwa ziwa, akalishwa uji wa mahindi mtupu, hushiba tumbo lakini mwili wake hukosa chakula cha kuujenga.

Wala jambo hili halijaisha. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa katika Tanzania, katika kila watoto 100 wenye umri chini ya miaka 5, watoto 30 wamedumaa. Na mikoa iliyozidi kwa udumavu ilikuwa Iringa, Njombe na Rukwa, nayo ndiyo mikoa ivunayo mahindi mengi. Basi twaona ya kuwa kulima peke yake hakutoshi. Wanatakiwa watu wenye maarifa.

Kazi zenyewe ni hizi. Ya kwanza ni ya Afisa Lishe. Huyu hupima uzito na urefu wa watoto, huwafundisha wazazi kuchanganya vyakula, na katika hospitali huwapangia chakula wagonjwa wa kisukari na wa figo. Elimu hii hufundishwa katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Tena iko Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, ambayo wataalamu wake huchunguza mambo haya.

Ya pili ni kazi ya kusindika vyakula, yaani kukausha matunda na mboga, kutengeneza maziwa yasiharibike, na kutia vitamini na madini katika unga. Ajuaye kazi hii aweza kuajiriwa kiwandani, au kuanza na mashine ndogo kijijini kwake.

Ya tatu ni ukaguzi wa vyakula. Mwaka 2016 watu wapatao 20 walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sababu ya sumukuvu, sumu itokayo katika kuvu ya mahindi na karanga zisizokaushwa vema. Sumu hii haionekani kwa macho, hapana budi ipimwe na mtu aliyejifunza.

Ya nne ni upishi wenyewe, ambao hufundishwa katika vyuo vya ufundi vya VETA. Msiudharau. Mpishi wa shule ya bweni ana afya ya mamia ya watoto mikononi mwake.

Sitawadanganya kwamba kazi hizi zaleta utajiri wa haraka, wala kwamba kila ahitimuye hupata nafasi siku ile ile. Lakini mchagua jembe si mkulima. Walimu, yawapasa kuwaambia wanafunzi mapema kwamba mlango wa chuo kikuu katika elimu hii ni Kemia na Biolojia, ili wasije wakayaacha masomo hayo kisha wakajuta. Nanyi Wazee, msimcheke mvulana apendaye kazi hii, wala msimzuie msichana.

Sasa nimalize kisa changu. Mtoto yule alipelekwa hospitali, akapona. Siku ya kutoka, Bibi Afisa Lishe alimwonyesha mama yake jinsi ya kutia maharage na karanga zilizo safi katika chakula cha mtoto, na kumpa maziwa na mayai kila yapatikanapo. Mzee alikuwa amesimama mlangoni, akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Mwanangu, haya umeyajulia wapi?" Akajibiwa, "Nimeyasomea chuoni, Baba."

Mzee hakusema neno. Lakini mwaka uliofuata alikuja kwangu mwenyewe, amemshika kijana wake mkono, akauliza nafasi za chuo hufunguliwa mwezi gani.

Haya ndiyo niliyotaka kuwaambieni.