Kwa Nini Uvumi Huitangulia Taarifa
Mazungumzo ya afisa wa mawasiliano wa kaunti katika baraza la wananchi



Wengi wenu mliupata ule ujumbe wa basari: mwisho ni leo saa kumi, tuma shilingi 200 za fomu. Fomu za basari ya kaunti hazilipiwi. Lakini kabla ya adhuhuri ujumbe ulikuwa kwenye WhatsApp za wazazi, za kanisa, za chama, hata kwenye kundi la familia yangu. Aliyeuleta huko ni shangazi yangu, mama mwaminifu kabisa.

Na hivyo ndivyo mambo yanavyosambaa. Tunamwamini aliyetutumia, naye alimwamini wake. Tena ujumbe ule ulitutia hofu kwamba mtoto atakosa karo, na mwenye hofu hasomi mara mbili. Watu watano wakiupeleka kwenye makundi matano kila mmoja, hayo ni makundi 25. Kila kundi likiwa na watu 100, ni simu 2,500, na chai haijapoa.

Watafiti wa MIT, Marekani, walichunguza habari zilizosambazwa Twitter kati ya 2006 na 2017. Waligundua kwamba habari ya kweli ilichukua takriban mara sita ya muda wa habari ya uongo kuwafikia watu 1,500. Waliouharakisha uongo ni watu kama sisi, si mitambo.

Ofisi yetu nayo ilichangia. Kanusho letu lilitoka jioni: kurasa mbili za PDF, nembo juu, nambari ya kumbukumbu. Nani angelifungua kwa bando la shilingi 20? Niliandika mimi. Siku hizi tunatoa kwanza sentensi mbili na picha moja, barua inafuata.

Nanyi tazameni mishale miwili ambayo WhatsApp huweka kwenye ujumbe uliopitishwa mara nyingi. Tangu Aprili 2020, ujumbe wa aina hiyo hupelekwa kwa mtu au kundi moja tu kwa wakati mmoja. Mishale haisemi ni uongo. Inasema aliyekutumia siye aliyeuandika. Ukiiona pamoja na nambari ya kulipia, muulize kwanza msimamizi wa wadi.

Mliotuma zile shilingi 200, msifute ujumbe wa M-Pesa. Tukimaliza niko pale hemani, njooni tuandike orodha tuipeleke polisi.