KUTU YA MOTOKAA YA ZAMANI



Kazi yangu ni ukarani, wala si ufundi. Lakini haya nitakayosema nimejifunza kwa hasara yangu mwenyewe. Nataka kuwaelezeni habari za kutu katika motokaa ya zamani, na khasa ile iitwayo Land Rover, ambayo wengi wenu mmeipanda tangu utoto.

Motokaa hiyo ilionyeshwa kwa watu mara ya kwanza katika maonyesho ya Amsterdam, nchi ya Uholanzi, mwezi wa Aprili 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani, na chuma kilikuwa haba, kikitolewa kwa kipimo. Kwa hiyo waundaji walifanya sehemu kubwa ya ngozi yake kwa bati la aluminiamu. Lakini mifupa yake, yaani fremu ichukuayo injini, springi na watu, waliifanya kwa chuma. Hapo ndipo ulipo mtego. Aluminiamu haishiki kutu nyekundu. Basi mwenye gari huitazama ngozi safi, akadhani mwili wote ni mzima.

Baba yangu aliniachia motokaa ya namna hiyo, iliyoundwa mwaka 1951. Ndiyo iliyokuwa ikiwapeleka wagonjwa wa kijiji chetu hospitali. Fundi aliniambia, "Bwana Karani, fremu imeoza kwa nyuma, yapasa ikatwe na kutiwa chuma kipya." Nikaogopa gharama, nikamwagiza aizibe kwa puti na kuipaka rangi. Iling'aa, na watu wakanisifu. Miezi mitatu haikutimia. Tulikuwa tukivuka kijito usiku pamoja na mama mmoja mgonjwa, mara shikizo la springi ya nyuma likang'oka katika fremu, na gari likalala upande. Mungu alituhurumia, hakuna aliyekufa. Lakini mama yule tulimbeba juu ya kitanda kilomita 4 hata hospitali. Usiku ule nilifahamu ya kuwa rangi niliyosifiwa ilikuwa uongo.

Basi kutu ni nini? Ni chuma kilichokutana na maji na hewa, kikageuka unga mwekundu. Unga huo huvimba, ukataka nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa. Ndiyo sababu rangi hutoka malengelenge. Fremu ya Land Rover ni kama sanduku refu lenye uwazi ndani. Tope na maji huingia humo yasikauke, na kutu huanza ndani ikatokea nje. Tundu unaloliona ni mlango tu; nyumba ya kutu imo ndani. Tena, mahali aluminiamu inapogusana na chuma penye unyevu, aluminiamu nayo huliwa, ikatoa unga mweupe.

Matengenezo yake ni haya. Kwanza, osha tope lote, kisha gonga fremu kwa nyundo ndogo, kama mama agongavyo chungu sokoni kabla hajakinunua. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti nzito. Pili, kata sehemu iliyooza mpaka ufike kwenye chuma kizima. Usichomelee kiraka juu ya uozo, kwa maana hakina cha kushika. Kiraka kiwe cha unene ule ule wa chuma cha asili. Kabla ya moto kuwashwa, ondoa waya za betri na tangi la petroli, ambalo katika gari hili limo chini ya kiti. Kama chuma kimepakwa zinki, saga zinki hiyo kwanza, kwa kuwa moshi wake humtia fundi homa. Tatu, sugua kwa brashi ya waya, paka rangi ya kuzuia kutu, ndipo ufuate rangi ya juu. Vitundu vya kutolea maji vizibuliwe, visizibwe kamwe.

Ama mbonyeo katika bati la aluminiamu, lisipigwe kwa pupa, maana hukakamaa kwa nyundo likapasuka. Mafundi hulipaka sabuni ya kipande, wakalipasha moto pole pole mpaka sabuni igeuke nyeusi. Ndipo huacha lipoe, likawa laini. Wasingoje liwe jekundu kama chuma, kwani aluminiamu huyeyuka kabla ya kung'aa. Kisha huweka kipande cha mti upande mmoja na kugonga taratibu upande wa pili. Na puti je? Ina kazi yake: kusawazisha vijibonde vidogo vya ngozi. Mfupa hautengenezwi kwa puti.

Wazee wetu walisema, "Usipoziba ufa, utajenga ukuta." Mimi niliuziba ufa kwa rangi, nikajenga ukuta kwa gharama mara tatu ya ile niliyoikimbia. Kwa hiyo nawaomba, Machifu na Walimu: kabla gari la zamani halijawachukua watoto wa shule au wagonjwa wenu, msitosheke na mng'ao wake. Lala chini, utazame fremu, ugonge, usikilize.

Gari la baba lingali linatembea, na mama yule tulilichukua tena kumrudisha kwake. Kabla ya kupanda aliinama, akachungulia chini, akaniuliza, "Safari hii, karani, ni chuma?" Nikamjibu, "Ni chuma, mama." Ndipo akapanda.