Siasa, Biashara na Fasihi ya Mrima: Nasaha kwa Watafiti wa Uzamili na Uzamivu



1.0 Utangulizi

Awali ya yote nawashukuru waandaaji wa mhadhara huu kwa heshima waliyonipa. Mada yangu inahusu utafiti wa shahada za uzamili na uzamivu juu ya karne zilizopita za mwambao wetu, hususan Mrima, yaani ukanda wa pwani ya bara unaotazamana na Unguja. Nimeichagua kwa kuwa wengi mlio mbele yangu mnaandaa mapendekezo ya utafiti, na pendekezo likishapitishwa huwa ni vigumu kulibadili.

Mwanafunzi anayetaka kuichunguza Mrima ya karne ya 19 aghalabu hukuta milango mitatu. Akipitia mlango wa historia, ataandika juu ya siasa: masultani, majumbe na wakoloni. Akipitia mlango wa uchumi, ataandika juu ya misafara, bidhaa na ushuru. Akipitia mlango wa Kiswahili, ataandika juu ya tenzi, vina na mizani. Kila mlango una istilahi zake, na aliyepita mmoja ni nadra kuchungulia mwingine.

Hoja yangu ni kwamba watu wa Mrima wenyewe hawakuwa na milango hiyo. Aliyeandika barua ya kudai fedha za pembe za ndovu aliweza pia kutunga beti, na beti hizo ziliweza kuwa hoja ya kisiasa. Kwa hiyo, mtafiti akiitenga fasihi na siasa, au biashara na lugha, anavunja kitu ambacho wenyewe walikiunda kikiwa kizima. Nitajaribu kuonyesha kwamba mtafiti wa Kiswahili ana nafasi ya pekee ya kukisoma kitu hicho kama kilivyo, na kwamba muda wa kufanya hivyo unapungua.

2.0 Miji iliyo mikongwe kuliko jiji

Tuanze na mahali tulipo. Historia ya Dar es Salaam huanzwa kwa kawaida na Sayyid Majid bin Said wa Zanzibar, aliyeanza kujenga penye kijiji cha Mzizima katika miaka ya 1860. Majid alifariki mwaka 1870, na mrithi wake, Barghash, hakuiendeleza kazi hiyo kwa ari ile ile. Wajerumani waliweka kituo chao hapo mwaka 1887 na kuufanya mji huo makao makuu ya koloni lao mwaka 1891. Simulizi hii ni sahihi, lakini inaanzia bandarini na kuishia bandarini.

Makazi ya kale zaidi yako katika maeneo ambayo leo tunayaita pembezoni mwa jiji. Upande wa Kinondoni ipo Kunduchi, penye magofu ya msikiti na makaburi yenye nguzo, ambayo baadhi yalipambwa kwa vyombo vya kauri kutoka China. Ipo pia Msasani, penye makaburi ya kale. Upande wa kusini ipo Mbuamaji, ambayo kwa miaka mingi ilihesabiwa katika Temeke na leo imo katika Wilaya ya Kigamboni. Mbuamaji ilikuwa bandari ya misafara ya bara wakati jina Dar es Salaam halijasikika bado.

Bakuli la kauri lililopachikwa kaburini ni mfano mzuri wa ninachokisema. Mwanaakiolojia huona ndani yake tarehe, na mwanauchumi huona safari ndefu ya bidhaa kuvuka Bahari ya Hindi. Mtafiti wa fasihi na utamaduni huona kauli: waliobaki hai walitaka kila apitaye ajue aliyelala pale alikuwa nani na alifanya biashara na nani. Kauli hiyo ilikuwa pia ya kisiasa, kwa sababu kaburi la mkubwa lilikuwa ushahidi wa haki ya ukoo wake katika ardhi ile.

3.0 Sandarusi: neno, bidhaa na mkataba

Mfano wa pili ni wa neno moja, sandarusi. Sandarusi ni utomvu mgumu wa mti, na ile iliyokuwa bora kuliko zote ni iliyokaa ardhini kwa muda mrefu mno. Wazaramo waliichimba katika nchi iliyo nyuma ya pwani hii, na wafanyabiashara waliipeleka Unguja. Huko ilinunuliwa na Wamarekani, ambao viwanda vyao viliigeuza kuwa vanishi. Wao walileta kitambaa cha pamba kilichopendwa sana hata kikaitwa kwa jina la nchi yao, merikani.

Sasa tuitazame siasa yake. Katika mkataba wa mwaka 1839 kati ya Uingereza na Sayyid Said, Sultan alikubali kutoweka ukiritimba katika himaya yake, isipokuwa kwa bidhaa mbili, pembe za ndovu na sandarusi, katika pwani ya kuanzia upande wa Tanga hadi Kilwa. Kwa maneno mengine, Mrima ilitengwa na wageni kwa kifungu cha mkataba. Sandarusi iliyotoka katika mashimo ya Uzaramo ilikuwa na uzito wa kutajwa kwa jina katika makubaliano ya madola.

Lugha nayo imehifadhi alama za biashara hiyo. Richard Burton, aliyepita Mrima mwaka 1857, anaeleza kwamba sandarusi mbichi, isiyo na thamani kubwa, iliitwa chakazi, na kwamba wafanyabiashara wa kigeni walilipotosha neno hilo hadi likafanana na neno lao la kumwitia punda dume. Mtafiti asiyejua Kiswahili atalikuta neno la kigeni katika daftari la mfanyabiashara na kudhani ni mzaha wa mabaharia. Anayekijua Kiswahili atatambua kwamba ni sauti ya mchimbaji au dalali wa Mrima, ikisikika katika maandishi ambayo hakuyaandika yeye.

Yapo maneno mengine mengi ya namna hii. Hongo leo ni rushwa. Katika karne ya 19 ilikuwa malipo yaliyotozwa misafara na watawala wa nchi walizopitia, na waliotoza waliyahesabu kuwa haki yao. Mtafiti akilisoma neno hilo kwa maana ya leo, atawahukumu watawala wale kabla hajawasikiliza. Frasila, reale, kaniki, akida na jumbe ni maneno yanayostahili kufanyiwa uchunguzi wa aina hiyo hiyo. Historia ya neno moja, ikifuatwa kwa makini, inaweza kuwa tasnifu nzima.

4.0 Utenzi kama ushahidi

Wapo wanaosema kwamba fasihi ni ubunifu, hivyo haifai kuwa shahidi wa historia. Tuupime msimamo huo kwa vita vya 1888 hadi 1890.

Mwezi Aprili 1888, Sultan Khalifa aliikodisha kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki usimamizi wa forodha za Mrima. Kampuni ilipoanza kutwaa madaraka mwezi Agosti, upinzani ulizuka Pangani na kuenea pwani nzima. Serikali ya Ujerumani ilimtuma Hermann Wissmann na majeshi, na Abushiri bin Salim alinyongwa Pangani Desemba 1889. Januari mwaka huo huo misheni ya Pugu, karibu na Dar es Salaam, ilikuwa imeshambuliwa. Chanzo cha vita hivyo kilikuwa suala la biashara: nani atatoza ushuru, na kwa idhini ya nani.

Hemedi bin Abdallah el-Buhriy aliitungia vita hivyo utenzi, ambao J. W. T. Allen aliuchapisha katika miaka ya 1950 kwa jina la *Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima*. Litazameni neno kutamalaki. Lina asili moja na milki. Jina hilo halizungumzii kupigana tu. Linazungumzia kugeuza nchi ya watu kuwa mali ya wengine. Nyaraka za kampuni zinatueleza forodha ilikodishwaje. Utenzi unatueleza ukodishaji huo ulieleweka vipi upande wa pili, na kwa kipimo gani cha haki. Hilo la pili halimo katika daftari la forodha.

Simaanishi kwamba mtunzi asadikiwe katika kila ubeti. Mtunzi ana upande, na utanzu una kanuni zake: utenzi hutukuza ushujaa, huongeza idadi ya maadui, na huwapa wahusika hotuba ambazo huenda hawakuzitoa. Anayezijua kanuni hizo ndiye anayeweza kutenga lililo pambo la utanzu na lililo habari. Kwa hiyo elimu ya fasihi, badala ya kumzuia mwanahistoria, inampa chekecheo.

5.0 Tarikhi na madai yake

Chekecheo hilo hilo linahitajika kwa maandishi yanayojiita historia. Carl Velten, aliyewahi kuwa mkalimani wa serikali ya Kijerumani mjini Dar es Salaam na baadaye akafundisha Kiswahili Berlin, alichapisha mwaka 1907 mkusanyo uliojumuisha tarikhi za miji ya pwani, Dar es Salaam ikiwemo. Mwaka 1903 alikuwa amechapisha *Desturi za Wasuaheli*, kazi inayotegemea kwa sehemu kubwa maandishi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo. Hizi ni hazina kubwa, lakini ziliandikwa kwa kuombwa na mtumishi wa dola iliyokuwa imekwisha kuitwaa nchi. Mwandishi wake alijua nani atasoma.

Chukueni simulizi za Mashomvi wanaosemekana kuja kutoka Barawa, wakashambuliwa na Wakamba, wakaokolewa na Pazi Kilama wa Wazaramo, na tangu hapo wakawa wanampa Pazi ada kila mwaka. Mwanahistoria huuliza kama vita hivyo vilitokea, na lini. Ni maswali ya lazima. Lakini simulizi ni mkataba pia: inaeleza kwa nini watu wa pwani wana haki ya kukaa na kufanya biashara, na kwa nini watu wa bara wana haki ya kulipwa. Masimulizi ya asili ni hati ya ardhi isiyo na muhuri. Anayeyasoma kama ngano tupu, au kama taarifa tupu, anapoteza nusu ya maana yake.

6.0 Yanayompasa mtafiti

Nina mapendekezo matatu.

La kwanza ni kujifunza kusoma Kiswahili kilichoandikwa kwa khati za Kiarabu. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina miswada ambayo orodha yake iliandaliwa na Allen na kuchapishwa mwaka 1970, na C. G. Büttner alikwisha kuchapisha barua za Kiswahili katika khati hizo mwaka 1892. Katika uandishi wa kale, herufi moja ya ba ilisimama mahali pa b, p na mb, hivyo neno lile lile liliweza kusomwa baba, papa, bamba au pamba. Ikiwa hati ni orodha ya shehena ya jahazi, ni ujuzi wa biashara utakaoamua kama ndani mlikuwa na samaki au pamba. Katika hati ya namna hiyo, kusoma kwenyewe tayari ni kazi ya taaluma zote tatu.

La pili linajibu pingamizi ambalo wasimamizi hulitoa kwa haki: mwanafunzi mmoja hawezi kubeba taaluma tatu katika miaka michache. Nakubali kwamba tasnifu inahitaji mpaka. Ninachosema ni kwamba mpaka huo uwekwe na hati, usiwekwe na idara. Chagueni mji mmoja kama Mbuamaji, au neno moja, au fungu moja la barua, kisha mlifuate popote liendapo: katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, katika nyaraka za Zanzibar, na katika barua za wafanyabiashara wa Salem, ambazo sehemu yake imechapishwa. Uwanja utakuwa mdogo, lakini utachimbwa kwa kina.

La tatu ni kwenda uwandani mapema. Kunduchi ni mahali palipochimbwa mawe ya ujenzi kwa miaka mingi. Daraja la Kigamboni lilipofunguliwa mwaka 2016, lilizileta fukwe za kusini karibu zaidi na soko la viwanja. Siwalaumu wanaojenga, watu wanahitaji makazi. Lakini kaburi likishabomolewa, maandishi yake hayarudi, na karatasi zilizorithiwa hupotea familia zinapouza nyumba na kuhama. Mnapowaendea wazee, waendeeni kwa adabu, mkiomba kusoma pamoja nao na kuwaachia nakala, wala msichukue asili ya mtu. Kinachotoka katika sanduku la familia kisiishie katika rafu ambayo familia hiyo haiwezi kuifikia.

7.0 Hitimisho

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Kwa muda mrefu mchimbaji wa sandarusi, dalali wa Mbuamaji na mtunzi wa Mrima wamehesabiwa kuwa hawakuwepo katika mikataba na takwimu zilizoandikwa juu yao. Lakini walikuwepo, na maneno yao yamo katika lugha tunayoizungumza, katika tenzi na katika mawe ya makaburi yaliyo umbali wa safari ya daladala kutoka kilima hiki. Siasa ya karne zile ilisemwa kwa Kiswahili, biashara yake ilihesabiwa kwa Kiswahili, na fasihi yake ikavitolea hukumu vyote viwili. Mwanafunzi wa Kiswahili anao ufunguo wa kuyasoma hayo yote, naye asingoje kualikwa na idara nyingine.