KOO LA MTOTO NA MOYO WAKE

(Mazungumzo ya Afisa wa Elimu ya Watu Wazima na wahitimu wa kisomo)

Ndugu wanakisomo,

Leo sikuja na habari za pamba wala mbolea. Nimekuja tuzungumze juu ya moyo.

Nilipokuwa shule ya msingi, mdogo wangu wa kike aliumwa koo. Mama akampa maji ya chumvi asukutue, koo likapoa. Baada ya wiki tatu hivi goti likavimba. Goti lilipopoa, kiwiko nacho kikaanza. Watu wakasema, "Ni uchovu wa kuchota maji." Wengine wakasema amerogwa. Alipoanza kuhema kwa kwenda kisimani tu, ndipo baba akampeleka hospitali. Kumbe ni homa ya baridi yabisi.

Homa hii huanzaje? Baadhi ya mafindofindo huletwa na bakteria waitwao streptokoka. Mwili una askari wake wa kupigana nao. Lakini kwa watoto wengine askari hao hukosea, wakashambulia viungo na moyo. Misuli ya moyo huvimba, ikakosa nguvu. Milango iliyo ndani ya moyo, yaani vali, nayo hupata makovu. Magoti hupona, makovu ya vali huweza kubaki maisha. Wanaoshikwa zaidi ni watoto wa miaka 5 hadi 15.

Mganga hutambuaje? Kipimo kimoja hakitoshi. Huuliza habari za koo na viungo, husikiliza moyo, hupima damu. Penye mashine, hutazama moyo kwa ultrasaundi.

Na matibabu je? Kwanza, penisilini ya kuua bakteria. Pili, dawa za kupunguza uvimbe, na kupumzika. Tatu, sindano ya penisilini kila baada ya wiki 3 au 4, ili koo lisirudi na kuongeza makovu. Mtoto aliyeguswa moyo huweza kuchomwa sindano hizo kwa miaka 10 au zaidi. Vali ikiharibika sana huhitaji kupasuliwa, kama wafanyavyo katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam.

Sisi tuliteleza hapo kwenye sindano. Mdogo wangu alionekana mzima, anacheza na wenzake. Kadi yake iliandikwa tarehe ya kurudi. Mama hakujua kusoma. Aliifunga ndani ya kanga, akaitia sandukuni. Mimi nilijua kusoma, lakini sikuulizwa, wala sikuuliza. Miezi minane ikapita. Koo likarudi, na safari hii moyo ulishindwa. Tulimzika akiwa na miaka 12.

Ndugu zangu, ninyi sasa mnajua kusoma. Mtoto akiumwa koo na homa, mpelekeni zahanati, na dawa atakazopewa azimalize hata kama amepata nafuu. Na leo jioni toeni kadi zote sandukuni. Someni tarehe kwa sauti, nyumba nzima isikie. Kadi isiyosomwa ni karatasi tu.

Maswali ya kuzungumza:
1. Kwa nini sindano huendelea hata mtoto akionekana mzima?
2. Nyumbani kwako, nani husoma kadi za kliniki?