Kulifungia Gari la Chama Chuma cha Kukokotea Tela

Maneno ya Katibu wa Chama mbele ya Wanachama na Maofisa, katika kuadhimisha miaka kumi ya Chama



Tumeombwa tuseme machache juu ya usafirishaji wa mazao. Wengine watakaosema leo watahesabu maghala tuliyoyajenga na mizani tulizozinunua, nao wana haki ya kufanya hivyo. Sisi wa ofisini twapenda kusimulia kosa letu moja, kwa kuwa lilikula fedha zenu, na kwa kuwa laweza kurudiwa msimu huu.

Wengi wenu mtakumbuka ya kuwa katika mwaka wa tatu wa Chama tulinunua pikapu iliyokwisha tumika, kisha tela la magurudumu mawili. Gari lile halikuwa na chuma cha kukokotea. Fundi mmoja alitutajia bei ya chuma kilichotengenezwa kwa ajili ya gari la namna ile, nasi tukaiona bei hiyo kuwa kubwa mno. Tukaamuru kipande cha chuma kichomelewe kwenye bampa, na katika taarifa ya mwaka tukajisifu ya kuwa tumeokoa fedha za Chama. Mzee mmoja, mwanachama wa tangu mwanzo, alisimama mkutanoni akauliza, "Wanangu, hiyo bampa ni mfupa wa gari au ni ngozi yake?" Watu walicheka, nasi tukacheka pamoja nao.

Jibu tulilipata wakati wa mavuno. Siku hiyo tela lilibeba magunia 16 ya kahawa, kila gunia kilo 50, yaani kilo 800. Na tela lenyewe likiwa tupu lilikuwa na kilo 300. Gari lilipokuwa likipanda mlima, bampa iling'oka nzima pamoja na chuma chake. Tela likarudi nyuma, likavuka njia ya miguu ambayo akina mama wa sokoni walikuwa wameipita punde tu, likapinduka mtaroni. Kahawa ikamwagika matopeni. Twamshukuru Mungu hakuna aliyeumia. Lakini ilikuwa lazima wenye kahawa walipwe, na fedha hizo zilitoka katika malipo ya pili ya wanachama wote. Hasara hiyo ilizidi bei ya yule fundi.

Tangu hapo tumejifunza mambo haya, nasi twayaandika ili kila tawi liyatumie.

Kwanza, kabla ya kununua cho chote, kisomwe kitabu cha gari. Humo yameandikwa mambo mawili: uzito ambao gari laruhusiwa kuukokota, na uzito ambao tela laruhusiwa kuukandamiza kwenye kichwa cha chuma nyuma ya gari. Uzito wa kukokotwa ni wa tela pamoja na mzigo wake. Magari mengi ya namna hii hayaruhusiwi kukokota zaidi ya kilo 750 ikiwa tela halina breki zake lenyewe. Tela letu lilikuwa na kilo 1,100, wala halikuwa na breki.

Pili, chuma cha kukokotea kifungwe kwenye chesisi, yaani zile boriti mbili za chuma zipitazo chini ya gari toka mbele hata nyuma. Kifungwe kwa bolti ngumu, zenye alama 8.8 au 10.9 kichwani kama mtengenezaji alivyoagiza, na zikazwe kwa spana yenye kipimo. Baada ya safari za kwanza zikaguliwe tena. Chesisi isichomelewe ovyo, maana moto waweza kudhoofisha chuma chake.

Tatu, kichwa cha chuma na kikombe cha tela vilingane. Kuna vichwa vya milimita 50, na viko vya inchi 1 na 7/8, ambavyo ni kama milimita 47.6. Kwa macho vyafanana. Lakini kichwa kidogo ndani ya kikombe kikubwa chaweza kuchomoka barabara ikiwa na mashimo. Tena ifungwe minyororo miwili, ipishane chini ya kikombe, ili tela likichomoka lisianguke chini na kwenda litakako.

Nne, taa. Plagi ya kawaida ina pini saba, na kila pini ina kazi yake: indiketa za kushoto na kulia, taa za nyuma, taa za breki, na waya wa kurudishia umeme, ambao kwa kawaida ni mweupe. Waya huo ukishika kutu, taa huchanganyikiwa: dereva awasha indiketa, na taa nyingine zawaka pamoja nayo.

Tano, upakiaji. Mzigo ukizidi nyuma ya ekseli, tela huyumba hata kumshinda dereva. Yafaa kama sehemu moja katika kumi ya uzito wote ilalie kichwa cha chuma, bila kupita kiasi kilichoandikwa kitabuni. Kupima si kazi ngumu: tela lililopakiwa liwekwe mahali tambarare, magurudumu yazuiliwe kwa mawe, na pua yake ilazwe juu ya mizani ya ghala kwa kimo kile kile cha kukokotwa.

Gari la makao makuu limekwisha tengenezwa hivyo. Lakini magari mawili ya matawi bado yana chuma kilichochomelewa kwenye bampa, na mavuno yamekaribia. Twawaomba Wajumbe waidhinishe gharama ya kuyatengeneza. Na mpaka kazi hiyo itakapokwisha, magari hayo yasikokote tela, hata likiwa tupu. Twajua ya kuwa bei itaonekana kubwa, kama ilivyoonekana kwetu zamani. Lakini usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Mzee yule yuko nasi hapa leo. Twamwomba radhi mbele yenu, na jibu tulilomnyima mwaka ule twampa sasa: bampa ni ngozi.